Tanzania: "Ile hela itume kwenye namba hii" na laini zenye majina ya watu wengine

"Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja tofauti." Hakuna salamu, mwandishi hajitambulishi, wala kiasi cha fedha hakitajwi. Ujumbe wa namna hiyo umekuwa ukiingia katika simu za Watanzania kwa miaka mingi, hata wengi wameugeuza kuwa mzaha. Hata hivyo unaendelea kutumwa, kwa sababu bado wapo wanaoutii.

Anayeuandika hamjui anayempelekea. Huusambaza kwa namba nyingi kwa pamoja, akitumaini kwamba miongoni mwa wapokeaji yumo mtu aliyeahidi siku hiyo hiyo kulipa kodi ya nyumba, kumpelekea mwanawe ada ya shule au kumalizia deni la mzigo wa sokoni. Mtu huyo haoni kuwa anasoma ujumbe wa mgeni. Anaamini ni mwenye nyumba wake aliyemwandikia. Ndiyo maana utapeli huu hauhitaji utaalamu wowote wa kompyuta. Namba ya siri haikuibwa na simu haikuingiliwa. Mwenye fedha amezituma mwenyewe.

Kizuizi kilichowekwa njiani ni kimoja. Kabla muamala haujathibitishwa, simu humwonyesha mtumaji jina la mtu ambaye namba hiyo imesajiliwa kwake. Jina geni lingetosha kumzindua, na matapeli wanalijua hilo vyema. Kwa hiyo hutanguliza yale maneno "jina litakuja tofauti", na mara nyingine hulitaja kabisa jina lenyewe. Mtumaji akiliona kwenye kioo cha simu, hudhani ni lile alilokwisha kuarifiwa, na jambo lililopaswa kumtia shaka likamtoa wasiwasi.

Swali ni kwamba jina hilo ni la nani. Tangu Mei 2019, laini za simu nchini Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa kinachotolewa na Mamlaka ya Vitambulisho, NIDA. Laini ambazo hazikusajiliwa kwa njia hiyo zilianza kufungwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Nia ilikuwa kila laini iwe na mwenyewe anayejulikana. Tapeli naye, asiyetaka kujulikana, akalazimika kutafuta laini yenye jina la mtu mwingine.

Njia ya kuipata ni rahisi mno. Mteja hufika kwa wakala asiye mwaminifu, huenda aliyekaa chini ya mwavuli kando ya barabara, na kuweka kidole kwenye kifaa. Wakala humwambia kwamba alama haikusoma vizuri, aweke tena. Kumbe ilisoma mara ya kwanza. Mara ya pili imesajili laini nyingine, ambayo mteja haioni kamwe. Ni kweli kwamba vidole vya mkulima au fundi ujenzi wakati mwingine hukataa kusoma, na kwa hiyo wala hashangai kuombwa arudie. Siku moja laini hiyo hupokea fedha za mtu aliyedanganywa, na polisi wanapotafuta mwenye namba, kumbukumbu za usajili huwafikisha mlangoni kwa mtu asiyejua lolote.

Mwananchi anaweza kujihakikishia. Kwa kubonyeza *106# kwenye laini ya Tanzania, mwenye kitambulisho huweza kuona namba zilizosajiliwa kwa jina lake, na akikuta asiyoitambua aende kwenye duka la kampuni husika, si kwa wakala wa mtaani, aitake ifutwe. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, imeweka pia namba 15040 ya kupokea taarifa za utapeli: ujumbe wa tapeli hupelekwa huko, kisha hutajwa namba iliyoutuma.

Aina nyingine ya utapeli huja kwa sauti ya upole. Mpigaji hujitambulisha kuwa mtumishi wa kampuni ya simu, akidai kwamba laini ina hitilafu au kwamba kuna fedha zilizokosewa njia, kisha huomba namba ya siri. Huduma kwa wateja wa mitandao ya Tanzania hupatikana kwa namba 100, na mpigaji anayetumia namba ya kawaida hana sababu ya kuaminiwa. Wengine huomba tarakimu sita zilizoingia kwa ujumbe mfupi. Hizo mara nyingi ni za kufungulia WhatsApp kwenye simu nyingine, na anayezitoa hupoteza akaunti yake papo hapo. Baada ya muda mfupi ndugu na marafiki huanza kuombwa mikopo kwa jina lake.

Aliyepoteza akaunti namna hiyo asajili upya namba yake kwenye WhatsApp ili mwizi atolewe. Ikiwa mwizi amewahi kuweka namba ya siri ya hatua ya pili, mwenyewe hulazimika kungoja siku 7 kabla ya kuruhusiwa kuingia bila namba hiyo. Aliyeiweka mapema yeye mwenyewe, katika sehemu ya akaunti ndani ya mipangilio, huwa amekwisha kuifunga njia hiyo.

Kwa msikilizaji anayevuka mpaka na kutumia laini za nchi mbili, namba zilizotajwa hapa ni za Tanzania pekee. Nchini Kenya, kwa mfano, wateja wa Safaricom hupeleka ujumbe wa matapeli kwenye 333.

Aliyekwisha kutuma fedha kwa tapeli apige simu kwa kampuni yake dakika hiyo hiyo, kabla ya kwenda kumsimulia yeyote. Fedha zikiwa bado kwenye laini iliyozipokea, kampuni inaweza kuzizuia. Tapeli akishazitoa kwa wakala, laini hubaki tupu, na jina lililosajiliwa nayo ni la mtu mwingine.