Kazi Iliyoanzia Kwenye Meza ya Chakula

Siku hizi binti anarudi nyumbani na kutuambia, "Mama, nimepata kazi. Mimi ni mtaalamu wa mikakati ya kidijitali." Tunafurahi na kumpongeza. Halafu tukibaki peke yetu jikoni tunaulizana: Hiyo ni kazi gani? Ualimu tunaujua. Uuguzi tunaujua. Lakini hii ya kukaa mbele ya kompyuta na kuyashauri makampuni namna ya kuitumia, tunaiona kama haina kichwa wala miguu.

Tusimvunje moyo binti. Afadhali tumwulize maswali matatu ambayo mama anaweza kuuliza juu ya kazi yoyote: Umeipataje? Unaifanya kwa moyo gani? Na mwisho wake ni nini? Ili tuone majibu yanavyoweza kuwa, tumechagua kusimulia habari za mama mmoja wa Uingereza, Stephanie Shirley, aliyefanya kazi inayokaribiana na hiyo miaka mingi kabla haijapewa jina. Alifariki Agosti 2025 akiwa na umri wa miaka 91.

Mtoto aliyepandishwa treni

Stephanie alizaliwa mwaka 1933 katika mji wa Dortmund, Ujerumani. Baba yake alikuwa hakimu, naye alikuwa Myahudi. Chini ya utawala wa Hitler alipoteza kazi yake. Baadaye familia ilikuwa Vienna, lakini huko nako hakukuwa na usalama. Mwezi Julai 1939 wazazi walifanya jambo ambalo mama akilifikiria tu, tumbo humkata. Waliwapandisha binti zao wawili kwenye treni ya kwenda Uingereza, wasijue kama wataonana tena. Stephanie alikuwa na miaka 5, dada yake 9. Watoto wapatao 10,000, wengi wao Wayahudi, waliokolewa kwa njia hiyo kabla ya vita.

Mume na mke ambao hawakuwajua hata kidogo waliwapokea na kuwalea. Wazazi wao walinusurika na wakaonana tena, lakini ule ukaribu wa mama na mtoto haukurudi kama zamani. Ndipo tunapoona mzizi wa maisha yake yote. Mwenyewe alieleza mara nyingi kwamba, kwa kuwa aliokolewa, aliazimia kuyafanya maisha yake yawe ya thamani, ili wema ule usiwe umepotea bure.

Shuleni alipenda hesabu. Shule yake ya wasichana haikuwa na masomo hayo kwa kiwango alichotaka, hivyo akaenda kusoma katika shule ya wavulana. Alipomaliza aliajiriwa katika kituo cha utafiti cha Posta, mahali ambapo kompyuta za mwanzo zilikuwa zikiundwa. Mchana alifanya kazi, jioni alisoma, na mwaka 1956 akapata digrii yake ya hesabu.

Pauni sita na simu moja

Mwaka 1959 aliolewa na Derek Shirley, mtaalamu wa fizikia. Kazini alichoka kuona kila anapotaka kupanda cheo anazuiwa kwa kuwa ni mwanamke. Akaona pia kwamba wanawake wengi wenye ujuzi kama wake walikuwa nyumbani, kwa sababu walipoolewa au kuzaa walitarajiwa kuacha kazi. Mwaka 1962 alianzisha kampuni yake mwenyewe kwa mtaji wa pauni 6, na ofisi ilikuwa meza ya chakula. Kazi yenyewe ilikuwa kutunga programu, yaani yale maagizo yanayoiambia kompyuta ifanye nini. Watu walimcheka, wakisema hakuna atakayenunua programu.

Aliwaajiri akina mama waliokuwa wakilea. Walifanya kazi nyumbani kwa saa walizoweza, wakiandika programu kwa penseli na karatasi, na kuwasiliana kwa simu. Katika wafanyakazi 300 wa kwanza, wanaume walikuwa 3 tu.

Mwanzoni barua zake za kuomba kazi hazikujibiwa. Mumewe akamshauri atie sahihi kwa jina la Steve, jina la kiume. Majibu yakaanza kuja! Mwaka 1963 alijaliwa mtoto wa kiume, Giles. Mteja alipopiga simu, Stephanie aliwasha kanda yenye sauti ya taipureta, ili kilio cha mtoto kisisikike na mteja adhani amepiga simu kwenye ofisi kubwa. Tunacheka, lakini ni mama gani asiyeielewa hila hiyo?

Wanawake hao hao walitunga programu za kuchambua habari kutoka kwenye kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde, ndege ya abiria iliyokuwa na kasi kuliko sauti. Sheria ya mwaka 1975 ya kukataza ubaguzi wa kijinsia kazini ilipopitishwa, kampuni ikalazimika kufungua mlango kwa wanaume pia.

Hapa tunapata jibu la swali la pili. Stephanie hakuijenga kampuni kwa ajili ya tumbo lake peke yake. Kidogo kidogo aliwapa wafanyakazi sehemu ya hisa zake, na hisa zilipoanza kuuzwa hadharani mwaka 1996, wafanyakazi wapatao 70 wakawa mamilionea.

Msalaba wa nyumbani

Asije mtu akadhani yote yalikuwa mepesi. Giles alipokuwa na umri wa miaka miwili na nusu hivi, maneno machache aliyokuwa ameyajua yalipotea. Alikuwa na usonji, hali inayomfanya mtoto apate shida ya kuzungumza na kuhusiana na wengine. Alipokuwa kijana alianza kupata kifafa na wakati mwingine alikuwa mkali, akawapiga waliomtunza. Mama yake, aliyeongoza mamia ya watu kazini, alielemewa kabisa hata akalazwa hospitalini. Giles naye aliishi hospitalini kwa miaka mingi.

Mwaka 1994 Stephanie alianzisha taasisi ya Kingwood, ili watu wazima wenye usonji watunzwe katika nyumba za kawaida. Wa kwanza kutunzwa alikuwa Giles. Lakini mwaka 1998 Giles alifariki usingizini baada ya kifafa, akiwa na miaka 35. Mwaka uliofuata ilifunguliwa shule ya Prior's Court kwa ajili ya watoto wenye usonji, ambayo mama huyo alikuwa ameianzisha. Hivyo mama aliyemzika mwanawe aliona watoto wa wenzake wakipokelewa mlangoni.

Kwa jumla alitoa zaidi ya pauni milioni 60 za mali yake, sehemu kubwa kwa ajili ya usonji, na nyingine kwa ajili ya masomo ya kompyuta na intaneti katika Chuo Kikuu cha Oxford. Msichana aliyefika Uingereza mikono mitupu aliona kwamba anarudisha kile alichokopeshwa.

Na sisi je?

Tusiseme, "Hayo ni ya Ulaya." Meza ya chakula ipo kwetu pia. Wako dada zetu wenye ujuzi ambao wamekaa nyumbani kwa kuwa hakuna mwajiri anayezijua saa za mama. Wako pia majirani zetu wanaomficha mtoto ndani kwa sababu haongei. Tukiwa na kazi ndogo ya kumpa mmoja, au saa moja ya kumpumzisha mwingine, tusingoje tupate mamilioni.

Na yule binti aliyerudi na kazi yenye jina gumu, tumkaribishe chai. Kompyuta atatufundisha yeye. Sisi tumwulize lile swali la tatu, bila ukali: Mwanangu, kazi hii itamfungulia nani mlango?