Foleni Ndani ya Ruta

Gari linalotoka Dar es Salaam likishavuka Daraja la Mkapa, linafika Nyamwage, penye njia panda: mbele ni Somanga, Lindi hadi Mtwara, kulia ni Utete. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, lori la Utete hungoja kwanza magari yanayotoka kusini yapite ndipo likunje. Basi la Mtwara lililo nyuma yake nalo husimama, ingawa njia yake iko wazi.

Ruta kubwa zinazobeba intaneti hupata mkwamo huohuo. Pakiti ikiingia, ruta husoma anwani, hutafuta kwenye jedwali mlango wa kutokea, kisha huikata vipande vya ukubwa sawa. Vipande hivyo hupita kwenye swichi ya kati kwa zamu, na katika kila zamu mlango mmoja wa kutokea hupokea kimoja tu. Zamu yenyewe ni fupi mno: kwa kasi ya gigabiti 10 kwa sekunde, kipande cha baiti 64 humalizika kwa takriban nanosekunde 51.

Mwaka 1987, Karol, Hluchyj na Morgan walipiga hesabu ya swichi yenye milango mingi, ambamo kila mlango wa kuingilia una foleni moja tu na pakiti hutawanyika kote kwa usawa. Walipata kwamba hufanya kazi kwa asilimia 58.6 tu ya uwezo wake. Sehemu iliyobaki hupotea kwa sababu ya yule wa mbele aliyekwama.

Dawa ni kila mlango wa kuingilia kutenga foleni kwa kila mlango wa kutokea. Ruta ya milango 16 itakuwa na foleni 256, ambazo ni orodha tu ndani ya kumbukumbu ileile. Linabaki swali la nani apite. Mpango wa iSLIP, aliouchapisha Nick McKeown mwaka 1999, huupa kila mlango wa kutokea mshale unaoonyesha nani ana zamu. Foleni zikijaa, mishale hiyo huachana yenyewe, kila mmoja ukauelekea mlango wake wa kuingilia, na swichi nzima hufanya kazi bila kugombaniana. Kwangu mimi, hili ni moja ya mambo mazuri kabisa katika uhandisi wa mitandao.

Hayo ni ya unikasti, yaani pakiti yenye mlengwa mmoja. Maltikasti, ambapo pakiti moja inatakiwa na milango kadhaa, huvuruga mpango wote. Milango 16 inaweza kuunda makundi 65,535 ya walengwa, na hakuna anayeweza kutenga foleni kwa kila kundi. Kwa hiyo pakiti hizo hupangwa katika foleni moja au chache, na ule mkwamo wa zamani hurudi. Unafuu ni kutosubiri milango yote iwe wazi: ikiwa mitatu inaitaka na miwili iko huru, nakala mbili huondoka sasa na ya tatu hufuata. Swichi ya kati hutoa nakala hizo kwa mpigo mmoja, bila mlango wa kuingilia kutuma kitu kilekile mara mbili.

Hapa kanuni hugeuka. Katika ESLIP, mpango uliounganisha aina zote mbili, milango yote ya kutokea hufuata mshale mmoja wa maltikasti, na mshale huo hausogei mpaka pakiti iwafikie walengwa wake wote. Unikasti hunufaika milango ikitofautiana; maltikasti hunufaika ikikubaliana. Aina hizo mbili hupeana kipaumbele zamu kwa zamu, ili mafuriko ya moja yasiizamishe nyingine.

Hata hivyo, mechi ya Simba na Yanga inayotazamwa mtandaoni kwa simu pale Nyamwage kwa kawaida huja kwa unikasti, kila simu na nakala yake tangu kwenye seva, maana maltikasti haivuki kutoka mtandao wa kampuni moja kwenda wa nyingine ila kwa makubaliano maalumu. Inafanya kazi vizuri ndani ya mtandao mmoja, hasa kwa televisheni inayopita kwenye nyaya za mtoa huduma mwenyewe. Kwa watazamaji wa simu, kinachopunguza mzigo kwenye ruta ni seva za akiba zinazosogezwa karibu nao.