Kona ya Fundi, Kanuni ya Darasani

Kabla ya msingi wa nyumba kuchimbwa, fundi mwashi hupigilia vigingi, hufunga kamba, kisha huipima kona. Kutoka kigingi cha kona anapima mita 3 upande huu, anatia alama. Upande wa pili mita 4. Msaidizi anavuta futi kamba kati ya alama hizo mbili. Ikisoma mita 5 kamili, kona ina nyuzi 90. Isiposoma hivyo, kamba inasogezwa.

Hiyo ndiyo kanuni ya Pythagoras: 3² + 4² = 5², yaani 9 + 16 = 25. Mafundi wengi huitumia bila kujali jina lake, na wanafunzi wengi huikariri bila kuipimia chochote. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022 nchini Tanzania, takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya watano alifaulu Hisabati. Sababu ni nyingi: uhaba wa walimu, madarasa kufurika, lugha ya kufundishia kubadilika mtoto aingiapo sekondari. Lakini mpangilio wa somo umo mikononi mwa mwalimu hata bajeti isipoongezwa.

Katika miaka ya 1960 mwanasaikolojia wa Marekani, Jerome Bruner, alibainisha njia tatu za kuelewa jambo: kulitenda, kuliona kwa picha, kisha kuliandika kwa alama. Singapore ilijenga ufundishaji wa Hisabati juu ya wazo hilo kuanzia miaka ya 1980. Mwaka 1995 wanafunzi wake wa darasa la nane waliongoza dunia katika TIMSS, upimaji wa kimataifa wa Hisabati na Sayansi. Mbinu hiyo haikufanya kazi peke yake, ila ilikuwa sehemu ya msingi wao.

Kwetu somo linaweza kuanzia uwanjani, kwa kamba, vigingi na futi kamba. Kona ikishapatikana, mwalimu aulize: futi ikisoma mita 5.1, kuna hasara gani? Ukokotoaji unajibu: kona imefunguka hadi nyuzi 92.4 hivi, na ukuta wa mita 12 utaishia nusu mita nje ya mstari wake. Hapo sentimita 10 zinaanza kuogopwa, na mwanafunzi ameonja uhandisi: kujua kosa dogo litazaa kosa kubwa kiasi gani.

Somo linalofuata liwe kenchi ya paa. Fremu ya vijiti vinne iliyopigwa msumari mmoja kila kona huyumba. Ongeza kijiti cha mshazari, inatulia, kwa sababu pembetatu haibadili umbo mpaka upande wake urefuke, ufupike au uvunjike.

Tangu 2024 baadhi ya sekondari za Tanzania zina mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi. Ni hatua njema, mradi tu vigingi visiachiwe wanafunzi wa amali na kanuni wale wa mkondo wa jumla. Anayekokotoa anahitaji kupima, na anayepima anahitaji kukokotoa.