Magari-nyumba yanaacha gesi: betri imeshika nafasi, lakini kobalti ya Congo haimo ndani

Huko Marekani na Kanada, watu wengi wanasafiri na kulala ndani ya magari-nyumba, yale ambayo wasemaji wa Kifaransa wanayaita camping-car. Kwa miaka mingi magari hayo yalipikia, yalipozea chakula na yalipashia joto kwa gesi ya propani. Sasa sehemu ya wenye magari hayo wanaondoa mitungi ya gesi na kuweka vyombo vinavyotumia umeme peke yake. Kwa msomaji wa Kolwezi au Likasi jambo hili linaweza kuonekana kuwa la mbali. Lakini betri iliyofanya mabadiliko haya yawezekane haina kobalti hata gramu moja, na hapo ndipo Congo inaguswa.

Kazi nne za gesi

Ndani ya gari-nyumba la kawaida, gesi inafanya kazi nne: kupika, kuchemsha maji ya kuoga, kupasha chumba joto na kuendesha friji. Friji hiyo haina kompresa. Moto mdogo unachemsha mchanganyiko wa maji na amonia, na mzunguko wa amonia ndio unaoleta baridi. Mfumo huo ulibuniwa Sweden mwaka wa 1922 na wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters. Hauna kelele, lakini unataka gari lisimame mahali palipo sawa. Likiinama sana, friji inaacha kupoza na inaweza kuharibika.

Gesi ina hatari zake pia. Propani ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja inatulia chini, karibu na sakafu, ikingoja cheche. Moto unaowaka vibaya ndani ya chumba kidogo unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Ndiyo maana magari hayo yanawekwa vifaa vya kupiga kengele ya hatari, kimoja kikiwa chini karibu na sakafu kwa ajili ya gesi.

Hesabu kabla ya kununua

Mafundi wa kazi hii wanaanza na karatasi na kalamu. Kila chombo kinaandikwa na umeme kinachokula kwa siku. Friji ya kompresa ya volti 12 inatumia karibu kilowati-saa 1 kwa siku ya joto, mara nyingi chini ya hapo. Jiko la induksheni la wati 1,800, likitumika kwa milo miwili ya kawaida, linatumia karibu kilowati-saa 1. Kupasha lita 23 za maji kutoka nyuzi 15 hadi 55 kunataka karibu kilowati-saa 1 nyingine. Ukiongeza taa, pampu ya maji na simu, jumla inafika kilowati-saa 3 na nusu hivi.

Betri nne za lithiamu za volti 12.8 na ampea-saa 100 kila moja zinabeba kilowati-saa 5 na kidogo. Zinatosha siku nzima na kubakiza akiba. Betri za zamani za risasi na asidi zisingeweza: zikitumiwa kupita nusu ya uwezo wake zinakufa mapema, na uzito wake ni mkubwa mno.

Kuzijaza tena ni hesabu nyingine. Paneli za jua za wati 400 juu ya paa, zikipata saa tano za jua kali, zinaleta kilowati-saa 1 na nusu hadi 2. Hiyo ni karibu nusu tu ya mahitaji. Nyingine lazima itoke kwa injini ya gari ikiwa barabarani, au kwa nguzo ya umeme ya kambi.

Hata kwenye kambi kuna mpaka. Nchini Marekani, tundu la kawaida la ampea 30 na volti 120 linatoa wati 3,600. Jiko la wati 1,800 na mashine ya maji ya moto ya wati 1,440 vikiwaka pamoja, nafasi imekwisha. Ukiongeza hita ya wati 1,500, kinga inakata umeme wote. Wenye magari makubwa wanatafuta tundu la ampea 50, linalofikia wati 12,000. Wengine wanajifunza kupanga zamu, maji kwanza na jiko baadaye.

Baridi ndiyo mtihani

Kupika na kupoza chakula kwa umeme ni rahisi. Kupasha chumba joto wakati wa baridi kali ni jambo lingine. Mtungi mmoja wa propani wa kilo 9 una nishati ya karibu kilowati-saa 120. Ili kubeba kiasi hicho kwa betri za ampea-saa 100, zingehitajika zaidi ya 90, na uzito wake ungepita tani moja.

Hita ndogo ya umeme ya wati 1,500 inamaliza betri zile nne kwa saa tatu na dakika chache, wakati usiku wa baridi una saa kumi au zaidi. Mashine za juu ya paa zinazoleta baridi na joto pia zinatumia umeme kidogo kuliko hita, lakini nyingi zinashindwa hewa ya nje ikishuka karibu na nyuzi 4. Tena, betri hizo za lithiamu hazitakiwi kujazwa zikiwa chini ya nyuzi 0, kwa sababu zinaharibika ndani. Lazima ziwekwe mahali penye joto au ziwe na hita yake.

Kwa hiyo anayelala kambini penye nguzo ya umeme, au anayefuata jua, anaweza kuacha gesi kabisa. Anayelala porini wakati wa theluji anabakiza mtungi mmoja, au anaweka hita inayotumia dizeli ya gari. Huyo amepunguza gesi, lakini hajafika kwenye umeme mtupu.

Waya mnene, fundi anayejua

Jiko la wati 1,800 likivuta umeme wa betri ya volti 12 linataka zaidi ya ampea 150. Waya mwembamba ungeungua. Ndiyo maana kati ya betri na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumbani, wanaweka nyaya za shaba nene kama kidole gumba, pamoja na fyuzi kubwa karibu na betri. Baadhi wanachagua mfumo wa volti 48, ambao unapunguza ampea mara nne. Mabomba ya gesi yanayoachwa yanazibwa na kupimwa na fundi mwenye ujuzi.

Congo ndani ya hesabu hii

Betri zinazochaguliwa zaidi kwa magari-nyumba ni za lithiamu, chuma na fosfati. Zinavumilia joto vizuri kuliko betri za nikeli na kobalti, haziwaki moto kwa urahisi, na zinajazwa maelfu ya mara kabla ya kuchoka. Mtaalamu John Goodenough, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2019, ana mkono katika historia ya aina zote mbili. Mwaka wa 1980, akiwa Oxford, kundi lake lilionyesha kazi ya kobalti ndani ya betri ya lithiamu. Mwaka wa 1997, akiwa Texas, kundi lake lilitangaza ile ya chuma na fosfati.

Congo inachimba zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Bei ilipoanguka kwa sababu ya wingi wa madini sokoni, serikali ya Kinshasa ilisimamisha uuzaji nje tarehe 22 Februari 2025, kisha ikaweka mgao tangu tarehe 16 Oktoba: tani 96,600 kwa mwaka wa 2026, na vilevile kwa 2027. Mgao unapunguza madini yanayotoka, lakini hauwezi kumlazimisha mtengenezaji wa betri kutumia kobalti. Kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Nishati, mwaka wa 2024 betri zisizo na kobalti za aina hii zilikuwa zimeshika karibu nusu ya soko la magari ya umeme duniani. Magari-nyumba ni tawi dogo tu la mti huo.

Hata hivyo nchi haikutoka mikono mitupu. Zile nyaya nene zinataka shaba, na Congo sasa ni ya pili duniani kwa kuchimba shaba, nyuma ya Chile. Betri zenyewe zinataka lithiamu, ambayo iko kwa wingi Manono, katika jimbo la Tanganyika, ingawa mabishano juu ya nani mwenye haki ya kuichimba yamechelewesha kazi kwa miaka.

Betri za aina hiyo zinauzwa leo pia Lubumbashi, Goma na Bukavu, kwa familia zinazochoka na kukatwa kwa umeme. Nyingi zina maandishi LiFePO4 juu yake. Anayenunua afanye hesabu ileile ya gari-nyumba: aandike wati za kila chombo na saa kitakazowaka, ajumlishe, ndipo aulize bei.