Bakuli la barafu: hesabu ianzie kwenye friza

Msimu wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, fedha huingia mikononi mwa wakulima wa Simiyu na harusi hufuata. Wapambaji na wapishi wa Bariadi wanaweza kuutazama mradi huu: bakuli la barafu lenye maua na matunda ndani yake, la kuandalia saladi ya matunda mezani kwa maharusi.

Utengenezaji si mgumu. Mimina maji yaliyochemshwa na kupoa kwenye bakuli kubwa, kina cha vidole viwili, yagande. Juu yake weka bakuli dogo lenye jiwe ndani, ukiacha sentimita 2 hadi 3 pembeni. Panga humo vipande vya ndimu, chungwa na petali za waridi lisilopuliziwa dawa, kisha ongeza maji. Usijaze hadi ukingoni, kwani maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Asubuhi tumia maji ya uvuguvugu kuyatoa mabakuli.

Ndimu na maua ni gharama ndogo. Kinachokula mtaji ni friza: bakuli moja hulala humo usiku kucha, mahali ambapo ungegandisha barafu za mfuko za kuuza. Bei ianzie hapo.

Umeme nao hukatika. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hutunza ubaridi kama saa 48; ikijaa nusu, saa 24. Basi gandisha siku 3 kabla, udai arubuni inayofidia nafasi hiyo, na ukabidhi bakuli ukumbini juu ya sinia lenye taulo.