Minara ya Nairobi na Mchanga wa Mito Yetu



Ukifika Nairobi siku hizi lazima uinue shingo. Jumba la KICC, lililochorwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway pamoja na David Mutiso, Mkenya mwenzetu, lilikamilika mwaka 1973 likiwa na ghorofa 28. Leo pale Upper Hill, palipokuwa na nyumba za kuishi zenye bustani, yamesimama majengo ya ofisi kama Britam Tower la mwaka 2017, lenye urefu wa mita 200 hivi.

Wachoraji na matajiri wanaojenga husifiwa. Lakini tujiulize: mnara hujengwa kwa kitu gani? Ni nondo na zege, yaani saruji, kokoto, maji na mchanga. Fundi wetu hapa Nkoroi huchanganya ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Mnara una vipimo vya wahandisi, lakini mchanga hauachwi. Ule wa mtoni hupendwa kwa sababu mafuriko yameshauosha. Ndiyo maana malori huufuata kwenye mito ya msimu ya Kajiado na Machakos.

Sasa tusidanganyane. Mchanga wa mtoni ni tangi la maji. Mvua ikipita, maji hubaki kati ya chembe zake, jua lisiyafikie, na akina mama huyafukua wakati wa kiangazi. Mchanga ukikombwa mpaka kwenye mwamba, mafuriko hupita mara moja na kwisha, kingo hubomoka, na mama hutembea mbali zaidi na mtungi wake. Pesa ya lori huisha kwa wiki moja. Kiangazi ni miezi.

Hatusemi mji usijengwe. Vijana wetu hupata kibarua huko, na nyumba zetu pia zahitaji mchanga. Tunasema kuwe na mpango. Miongozo ya NEMA ya mwaka 2007 yataka mchanga uchimbwe mchana tu, na si ndani ya mita 100 kutoka daraja au barabara. Makueni walitunga sheria yao mwaka 2015. Vikundi vya Ukambani navyo vimejenga mabwawa ya mchanga: ukuta unaokata mto, ukazuia mchanga pamoja na maji yake.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Mchanga tunaojengea unatoka mto gani, na nani huchota maji pale?
2. Nani hupokea pesa ya kila lori? Je, imeandikwa?
3. Ni sehemu gani ya mto tukubaliane isiguswe kabisa?
4. Tutafanya nini kabla ya mvua ijayo, na nani atamwona chifu?