Mzeituni wa Sfax: Jinsi Familia Inavyokamua Mafuta Bora bila Kuichosha Ardhi

Wengi wetu tulikutana na mzeituni vitabuni kabla ya kuyaonja mafuta yake. Mkristo anaujua Mlima wa Mizeituni, naye Mwislamu anaisoma zeituni katika Surat at-Tin. Lugha yetu pia ina deni kwa mti huu. Neno zeituni latokana na zaytun la Kiarabu, na zipo kamusi zilizohifadhi halizeti kwa maana ya mafuta ya zeituni, ingawa Mkenya wa leo akilisikia atadhani ni alizeti, ule mmea wa maua makubwa ya manjano ambao asili yake ni Amerika na hauna udugu wowote na mzeituni. Makala haya yanakusudia kueleza kazi iliyo nyuma ya jina hilo. Tumeteua eneo la Sfax, katika pwani ya mashariki ya Tunisia, kwa sababu ardhi ya huko ni kavu na kosa la mkulima hudhihirika upesi.

Mvua ya Sfax ni takriban milimita 200 kwa mwaka, kiasi kisichotofautiana sana na mvua ya Lodwar. Kwa hiyo mizeituni hupandwa kwa nafasi ya mita 24 kila upande, yaani miti 17 tu katika hekta moja. Mgeni aionapo nafasi hiyo tupu huweza kudhani kwamba wenyeji ni wavivu. La hasha! Chini ya mchanga huo mizizi imetambaa mbali ikivizia kila tone. Mkulima hukwangua udongo wa juu mara kwa mara ili kung'oa magugu yanayoshindania maji na kuvunja utando mgumu unaozuia mvua kuzama. Hukwangua juujuu tu, kwa kuwa akilima kwa kina ataikata mizizi. Hata hivyo, mchanga ulioachwa wazi hupeperushwa na upepo, na hapo ndipo penye mtihani: ukwanguaji uleule unaohifadhi maji ukizidi huipoteza ardhi.

Mashamba mengi ya eneo hili yalianzishwa kwa mkataba wa mugharasa, hasa baada ya mwaka 1892, ardhi ya Sfax ilipouzwa kwa bei nafuu wakati wa utawala wa Wafaransa. Mwenye ardhi aliitoa, mpandaji akapanda na kuitunza miche kwa miaka mingi, na miti ilipoanza kuzaa wakagawana shamba nusu kwa nusu. Mkulima asiye na mtaji alipata mali kwa jasho lake. Tatizo lilikuja baadaye kwa njia ya mirathi, kwani shamba likigawanywa kwa vizazi vitatu au vinne, kila mrithi hubaki na miti michache isiyoweza kumlisha peke yake.

Aina ya mzeituni inayotawala huko ni Chemlali, wenye tunda dogo mno lakini mvumilivu wa kiu. Ila una tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata. Familia yenye busara hupogoa matawi baada ya mavuno ili kupunguza tofauti hiyo, na huweka akiba ya mwaka wa neema. Majani yaliyopogolewa huwa chakula cha kondoo na mbuzi, na vigogo huwa kuni.

Sasa tuje kwenye mafuta yenyewe. Ubora hauongezwi kinuni. Huko hulindwa au hupotezwa. Tunda likichubuka, vimeng'enya vyake huanza kuyavunja mafuta na kuongeza asidi. Likirundikwa ndani ya gunia, hupata joto na kuchacha. Ndiyo maana wachumaji wa jadi walivaa pembe za mbuzi vidoleni na kuyachana matawi taratibu, matunda yakaanguka juu ya turubai. Kupiga matawi kwa fimbo ni haraka zaidi, lakini huyavunja machipukizi yatakayozaa mwaka ujao. Matunda yafaa yasafirishwe katika kreti zenye matundu na kusagwa kabla ya saa 24 kupita. Yale yaliyookotwa chini hutengwa.

Zamani kinu kilizungushwa na ngamia, kama vile vinu vya simsim vya Lamu. Leo mashine huosha matunda, huyasaga pamoja na kokwa, kisha huikanda rojo kwa muda wa dakika 30 hadi 40, joto likiwa chini ya nyuzi 27. Kuliongeza joto huongeza mafuta na kufukuza harufu nzuri. Baraza la Kimataifa la Zeituni, lililoundwa mwaka 1959 na lenye makao yake Madrid, linataka mafuta ya daraja la juu kabisa yasizidi asilimia 0.8 ya asidi, na waonjaji waliofunzwa wasione kasoro yoyote. Waarabu huliita daraja hilo bikr mumtaz. Bikr ndiyo asili ya bikira yetu, hivyo mfasiri atakayeandika "mafuta bikira" asichekwe haraka.

Mashudu yanayobaki huuzwa yakamuliwe tena au yawe kuni. Maji meusi ya kinu ndiyo balaa. Yana chumvi, asidi na fenoli, na yakimwagwa mtoni huua viumbe. Hukusanywa katika mabwawa yakauke, au hunyunyizwa shambani kwa kipimo kisichozidi mita 50 za ujazo kwa hekta kwa mwaka.

Linabaki swali la pesa. Matunda yakichumwa Novemba, rangi ikigeuka kutoka kijani kuwa zambarau, hutoa mafuta machache, machungu kidogo, yanayowasha koo na kudumu muda mrefu. Yakingojewa hadi Januari, kila gunia hutoa mafuta zaidi lakini yaliyopoa ladha. Sehemu kubwa ya mafuta ya Tunisia huuzwa nje kwa matangi, hasa Italia na Uhispania, ambako huchanganywa na kutiwa chupani kwa majina ya huko. Mnunuzi wa tangi hulipia uzito, na tofauti anayoongeza kwa ajili ya ladha mara nyingi haifidii mafuta aliyoyakosa mchumaji wa Novemba. Familia kadhaa zimeanza kutia mafuta yao chupani zenyewe. Lakini chupa, maabara na soko vinahitaji fedha taslimu, na mwenye miti 30 ya urithi hana budi kuungana na binamu zake, wale wale waliogawana naye shamba la babu.